Mama Anasema Unakimbia

Dada yangu wa mbali,

Huku tu wazima, na albamu yangu imekamilika! Zile nyimbo za zamani za soul alizotuimbia Mama akipiga pasi, sasa nazipuliza kwa saksafoni.

Tangu operesheni ya koo, sauti yake haijarudi, na daktari hajatupa matumaini. Lakini usilie, ngoja nikuchekeshe. Nilimpeleka studio asikilize. Katikati ya wimbo wa tatu akakunja uso, akaanza kugonga meza polepole kuliko nilivyopiga. Fundi mitambo akacheka: "Kaka, mama anasema unakimbia!"

Tukarekodi upya, yeye akigonga, mimi nikimfuata. Ukisikia meza humo, ujue ndiye. Jana kawaringia majirani kwa ishara: bendi ni yake, mimi kaniajiri tu.

Msalimie shemeji.

Mdogo wako