Pampu Uliyoniletea, Baba

Baba,

Uji uko kwenye chupa, sukari sijaweka. Samaki nimeshawalisha, usiwaongezee.

~~Ile pampu irudishe dukani, waombe wakubadilishie ndogo.~~ Hapana, usiirudishe. Nimeipandisha juu na kuigeuza itazame kioo cha nyuma cha tangi. Maji yanagonga pale, yanarudi polepole.

Najua uliichagua kama unavyochagua pampu ya bustani, yenye nguvu kuliko zote. "Samaki wa ziwani amezoea mawimbi, mwanangu," ulisema jana, nami sikukueleza wanavyoishi. Kosa ni langu. Hawa wa Karema, ingawa ni wa ziwani, wanakaa chini kabisa, wanazaa ndani ya magamba ya konokono. Asubuhi tumekuta pampu imesukuma mchanga wote upande mmoja na kuyafukia magamba, samaki jike na vitoto vyake wakiwa humo.

Nililia, ukadhani nimekukasirikia. Sikukasirika, Baba. Wewe uliyekuwa unaniuliza, "Samaki wasioliwa, Edina, ni wa nini?", leo ulipiga magoti na suruali ya kazini, mkono ndani ya tangi hadi kwapani, ukifukua gamba moja moja kwa kijiko cha chai. Kila ukilitoa unanong'ona, "Hodi humu?"

Jike yuko hai. Vitoto nimeviona sita, vinachungulia kwenye mdomo wa gamba.

Nikirudi jioni kutoka kazini Kakese nitakushukuru kwa mdomo. Nikiona aibu tena, basi usome hapa: asante sana, Baba.

Binti yako,
Edina