Rupia Isiyosuguliwa

Mjukuu wangu Aika,

Marahaba, shikamoo yako imefika huku Machame. Ng'ombe wetu amezaa, na babu yako anajisifu kana kwamba amezaa yeye.

Unauliza: kwa kuwa bei ya madini ya fedha imepanda, ile rupia ya Mjerumani niliyokupa uipeleke kwa sonara?

Enzi za Mwingereza bei ilipanda vivyo hivyo. Mlima mzima ukafukua rupia zake, na masonara wa Moshi wakawa wanaziyeyusha kutengeneza bangili. Mama akanituma mjini na tano. Nilitaka zing'ae, nikazisugua kwa majivu na mchanga wa mfereji mpaka yule simba aliyechorwa akabaki kivuli. Nilipofika ya tano mikono ilichoka, nikaiacha nyeusi.

Sonara alipima zile nne, akacheka. "Binti, mimi nanunua uzito, na wewe umeumwaga mferejini!"

Pale dukani alikuwepo karani mmoja anayekusanya sarafu za kale. Zile nne hakuzitazama mara mbili. Ile nyeusi akaigeuzageuza, akataja bei iliyozishinda zote nne. "Wanavyozidi kuyeyusha," akasema, "ndivyo tunavyozidi kuzitafuta."

Mama alinituma kwa sonara tu; zile nne nikamwachia, lakini ile nyeusi sikuthubutu kumwuzia karani bila ruhusa, nikarudi nayo. Mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

Ndiyo hiyo uliyo nayo. Ni yako, ukitaka kuiuza, mtafute mkusanyaji. Na kama umeshaisugua kwa dawa ya meno, tafadhali usiniambie.

Bibi yako,
mwenye mikono ya majivu