Sungura wa Sweta la Kijani

Tunduma, Alhamisi, 12 Juni

Baba Atupele,

Sweta lako la kijani nimelifumua. Binti yako Atupele alinigombeza: "Mama, sweta zima kabisa! Si ungempa mtu avae kwenye baridi hii?" Kumwona mtu mwingine amelivaa sokoni nisingeweza.

Wasiwasi wangu ulikuwa uzi wenyewe, maana umezeeka. Kwenye hii mashine yangu ya kufumia, ya duara, uzi ukikatika vitanzi vyote vinachomoka na kazi inaharibika. Niliufua kwanza, nikauanika ukanyooka, kisha nikazungusha mashine polepole. Haukukatika. Likatoka bomba refu, nikalijaza vipande vya mitumba, nikakaza shingo. Sungura.

Masikio nilifuma kwa mkono. La kulia likatoka refu. La kushoto, uzi ukaisha katikati. Nilikasirika kweli. Nikatafuta uzi mweupe wa kuongezea, lakini mjukuu wako Sekela alishamchukua.

"Bibi, usiongeze. Hili ni lile la Babu lisilosikia."

Akamgeuza, akamnong'oneza kwenye sikio la kulia, kama sote tulivyozoea kuzunguka upande huo tukitaka utusikie. Atupele akacheka mpaka machozi. "Babu mwenyewe huyo!"

Niliogopa kwamba nikilifumua ndiyo nimekumaliza. Kumbe…

Sekela amelala naye. Nimeinama, nimelisemea lile sikio zima jina langu. Huko uliko, unikumbuke.