Salamu Nne Ndani ya Mabano

Jumanne, 4 Machi

Sifuri. Sifuri! Mama mzima wa watoto watatu, nafua na kukunja mashuka ya hospitali nzima, halafu nakaa kwenye dawati napewa yai! Swali lenyewe: (x + 3)(x + 3). Nikaandika x² + 9. Mwalimu wa hisabati — darasani tunamwita Chaki, shati lake halijawahi kuwa safi — ametangaza jaribio la kuzidisha polinomia, Jumamosi ya wiki ijayo. Atakayeshindwa hasajiliwi mtihani wa taifa. Na bila hisabati, chuo cha uuguzi nikisahau. Akanitazama mimi. Kinyozi, jirani yangu wa dawati, naye akanitazama. Nikawakazia macho mpaka wakainama.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemuuliza Chaki kosa liko wapi. Eti nimeacha vya katikati. Vya katikati vipi? x nimezidisha kwa x, 3 kwa 3, nani kabaki? Akasema mama, hesabu si za kila mtu, kufua nako ni kazi. Niliumia. Jibu nilikuwa nalo, nikalimeza. Namtunzia.

Nyumbani Baba Watoto anasema umri umekwenda, hizo x nitamfundisha nani? Nikamwambia wewe, na somo la kwanza ni kuosha sufuria. Ameosha moja.

Jumapili, 9 Machi

Vita ukweni! Tumekwenda mimi na Baba Watoto. Sebuleni wamekaa mama mkwe na wifi. Mimi nikampigia magoti mama mkwe, nikamwamkia. Baba Watoto akapeana mkono na dada yake, wakaanza kucheka mambo yao. Tukakaa. Kisha wifi: "Kwani mimi kiti? Mke wa kaka ananipita tu!" Mama mkwe naye akamgeukia mwanawe: "Na wewe, aliyekuzaa humwoni?" Baba Watoto akajitetea eti si tumeshasalimiana. Wifi akaruka: "Wapi! Mmekuja wawili, mmetukuta wawili. Salamu nne hizo. Mmetoa mbili!"

Salamu nne! Nikacheka kwa sauti, peke yangu, kama nimepagawa. Wifi akajua namcheka yeye. Nikamsalimia haraka, nikamwomba radhi, halafu nikamwomba kalamu. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Lakini ningefanyaje? x kamsalimu x. 3 kamsalimu 3. Ila x wa huku hajamsalimu 3 wa kule, na 3 wa huku kampita x wa kule! Ndio hao wa katikati. 3x na 3x. Jumla x² + 6x + 9. Niliandika kiganjani mbele yao wote.

Wifi kanuna mpaka tunaondoka. Kanifundisha kuliko Chaki, na sitamwambia kamwe.

Jumanne, 11 Machi

Chaki kaandika ubaoni (2x − 3)(x² + 4x − 5). Nani anaweza? Nikaenda bila kuitwa. Wawili wamewakuta watatu, salamu sita. 2x akapita kwa wote: 2x³ + 8x² − 10x. Akaja −3 na hasi yake, naye kwa wote: −3x² − 12x + 15. Kisha kila ndugu na nduguye, wenye mraba pamoja, wenye x pamoja: 2x³ + 5x² − 22x + 15.

Chaki alikagua, akarudia, akakagua tena. Akasema nimebahatisha. Bahati! Nikamwambia aandike lingine. Akatazama saa, akasema muda umekwisha.

Ijumaa, 14 Machi

Wifi kaitisha kikao cha familia, kwetu, kesho asubuhi. Ajenda ni kicheko changu. Niwepo, nipike, niombe radhi upya. Saa ileile ya jaribio! Nimemwambia Baba Watoto waahirishe mpaka mchana. Eti mtihani hurudi, ndugu harudi. Eti mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama vya kutosha, nikamjibu. Nimepiga pasi gauni la darasani mbele ya macho yake.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika kwenye ngazi za darasa. Nimeamka, nimepika, nimefunika, nimeondoka. Simu inalia. Wifi. Baba Watoto. Wifi tena. Kinyozi anatoka jasho, ananiuliza: "Dada, watatu wakikutana na watatu?" Tisa, nimemwambia, usimpite mtu.

Mungu wangu, langoni — baiskeli ya Baba Watoto! Wifi kakaa nyuma, kidole juu, anataja jina langu na la ukoo wangu. Darasa zima limegeuka. Chaki kashika mlango, anauliza mama, unaingia au unakwenda nao? Na wifi kashashuka, anakuja mbio.

Ndani ya mabano simpiti mtu. Huku nje, leo, nitampita mmoja —