Kwa Mwanangu Aliyesimama Mbele ya Meli

Mwanangu Ester,

Barua hii naiandika wazi, isomwe na yeyote, kwa sababu nilikukosea mbele ya watu. Pale stendi ya Tunduma, mabegi yako yakiwa yameshapakiwa, uliniinamia ukaomba baraka. Kwetu Ndalambo mtoto akienda mbali, mzazi huchukua funda la maji akampulizia kifuani. Nikalichukua. Shangazi zako wote wanatazama, konda anapiga kelele. Nikakuangalia, nikalimeza.

"Nimekusomesha kwa samaki wakavu," nikakwambia, "leo unakwenda kuwatetea samaki? Nenda, lakini baraka yangu huna."

Ukanijibu polepole, "Nyangumi si samaki, mama. Ananyonyesha." Ukapanda basi.

Krismasi mbili zimepita tangu siku hiyo.

CD yako imefika. Nimeitazamia kwa Mama Zuhura, maana deki yangu ilishakufa. Sebule ilijaa hadi mlangoni, na kosa ni langu, nilikuwa nimetangaza soko zima la samaki kwamba mwanangu yumo kwenye filamu. Mwalimu jirani yetu akawa anatufasiria: hawa ni watu wanaozuia meli zisiwinde nyangumi, huko kusini kabisa mwa dunia, kwenye bahari ya barafu.

"Barafu baharini!" Mama Zuhura akashika shavu. "Sasa mwanao anavaa nini?"

Nikamjibu, "Mwanangu kila likizo alikuwa kwa bibi yake kijijini Ruanda, huku huku kwetu milimani, baridi ya Juni alikuwa anachuma kahawa na kanga moja. Barafu itamwambia nini?"

Wewe uliniambia uko jikoni. "Napika tu, mama," ndivyo ulivyosema kwenye simu. Basi nikawa nangoja kuona sufuria. Mara ikatokea meli kubwa, mbele ina mzinga wa kurusha mkuki. Mbele yake nyangumi na mtoto wake, wanahema juu ya maji. Halafu kati yao boti ya mpira, ndogo kama karai la kufulia, na ndani yake umesimama wewe, mikono umeitandaza.

Majivuno yote yalinitoka. "Ester, toka hapo!" nikaipigia televisheni kelele.

"Shoga, hiyo ni CD," Mama Zuhura akasema. "Ameshatoka zamani." Watu wakacheka mpaka mwalimu akashindwa kufasiri. Mimi nilikuwa nalia.

Ile mikono naijua. Ulikuwa na miaka tisa, foleni ya malori imefika hadi karibu na kwetu, na mbwa mmoja akaamua kuzalia chini ya lori la Mzambia. Foleni ikasogea. Wewe ukasimama mbele ya lile lori, mikono umeitandaza vilevile. Dereva anafoka kwa lugha ya kwao utoke hapo, "Iwe, fumapo!" Nyuma yake honi zinalia. Nikaja na beseni langu la dagaa kichwani, nikakuvuta sikio mbele ya madereva wote.

"Hajamaliza kuzaa, mama!"

Nilikupiga. Dereva ndiye aliyeshuka, akainama kuchungulia chini, akazima injini. Miaka yote hii nimekisimulia kisa hicho nikikucheka. Siku ile kwa Mama Zuhura sikucheka. Mwalimu aliposema ujasiri huu umejifunza kwa wazungu, nilimkatalia palepale. Nikamwambia amejifunza hapa hapa, na aliyemfundisha ni mbwa, mimi nilikuwa upande wa lori.

Nakukumbuka, mwanangu. Wanawake wanaoleta kapenta, wale dagaa wa Kizambia, kutoka Mpulungu kila wakivuka mpaka wananiuliza, "Yule mtoto wako wa maswali yuko wapi?" Jumamosi nachambua migebuka peke yangu. Nikimpata aliyevunjika mkia nageuka kukuonyesha, halafu nakumbuka hakuna mtu kwenye kigoda. Kitanda chako nakitandika kila wiki. Hakilali mtu, lakini vumbi la hapa unalijua.

Kwenye kikaratasi ulichoweka ndani ya CD umeandika kwamba uko Dar wiki tatu, kisha mnaondoka tena. Hukuomba chochote. Hilo limeniuma kuliko kama ungeomba.

Nilikaa na kikaratasi siku nne. Nilitaka kukuandikia uache, utafute kazi ya nchi kavu, uolewe. Naogopa, Ester. Ule mkuki nauona hata nikipima dagaa. Lakini yule nyangumi mdogo alikuwa amembana mama yake ubavuni, na mimi nina mtoto, siwezi kujifanya sikuona.

Kwa hiyo nenda. Nasema mbele ya watu: nenda. Ila pitia nyumbani kwanza, nina jambo langu na kifua chako. Na usiniambie kwamba njia ya baharini haipiti Tunduma. Kongo yote inapita hapa, Lusaka yote inapita hapa. Wewe ndiye utakayeshindwa?

Mimi mama yako, ambaye maji tayari yapo mtungini.