Matanga Yako Yaliyobaki Njiani

Baba yangu mpendwa,

Nina habari za mama, na sikuona mtu mwingine wa kumpa kwanza isipokuwa wewe. Nakuandikia nikiwa chumbani kwangu mtaa wa Musinzira, hapa Gitega, ninaposoma.

Unakumbuka siku ile kwenye kambi ya wakimbizi kule Tanzania nilipokuambia nataka kusoma saikolojia? Ulikuwa unapigilia mguu wa kitanda cha jirani, misumari mdomoni. Uliitema yote ili upate kunicheka vizuri. "Mwanangu, mgonjwa wa tumbo anashika tumbo. Huyo wako wa moyo utamchoma sindano wapi?" Nilinuna hadi jioni. Ukaniletea hindi la kuchoma, ukakaa kando yangu mpaka nikalimaliza. Ulijua kubembeleza, baba, kuliko ulivyojua mwenyewe.

Sasa ningeweza kukujibu. Saikolojia ina matawi mengi. Liko linalofuatilia jinsi mtu anavyokua. Hilo lilinieleza kwa nini mdogo wangu, aliyezaliwa kambini, aliendelea kuficha ugali chini ya mto hata tuliporudi Muyinga kwenye shamba la babu lenye ndizi tele. Liko linaloangalia watu wakiwa wengi, nikaelewa kwa nini majirani wanatuita "Watanzania", na kwa nini nasi kanisani tunajibana kwenye benchi letu wenyewe. Na liko la kliniki, la kukaa na mgonjwa, kumsikiliza na kumsaidia arudi kwenye maisha yake. Hilo nililichagua kwa ajili ya mama.

Hukuwepo, acha nikueleze. Tulikuzika kule kambini, na kabla muda wa matanga haujatimia, siku yetu ya kupanda basi la kurudi ikafika. Tulipofika Muyinga mama akaanza kutoka nyumbani alfajiri bila kuaga, anashika barabara ya Kobero kuelekea mpakani. Tukimpata anasema, "Namfuata baba yenu. Nimemwacha peke yake." Usingizi hakuna, chakula anaonja tu. Akitutazama ni kama anatazama ukuta. Baba mdogo, ambaye hakukimbia na alitutunzia shamba miaka yote hiyo, alichoka.

"Mama yenu iko anatuletea haya," aliniambia kwa simu. "Watu wanasema ni musazi, ameingia wazimu. Tumupeleke ku maombi, ao tumufungie mu nyumba."

Nilikwenda mbio na madaftari yangu. Nilimuuliza mama maswali ya kliniki mpaka akaniambia, "Wewe ni mtoto au ni polisi?" Tukampeleka kituo cha afya, wakampa dawa. Alilala kidogo, akaamka, akaenda zake Kobero. Niliogopa sana, baba. Nilishakupoteza wewe, na yeye nilikuwa nampoteza huku akiwa hai mbele yangu.

Nikarudi Gitega kichwa chini. Mwalimu wangu mmoja, mama mtu mzima, alinikuta chuoni Mushasha nimekaa ukutani peke yangu, wenzangu wameshaingia darasani. Nikamweleza yote, akasikiliza mpaka mwisho.

"Donc, papa yenu mulimuzika kule," akasema, akichanganya Kifaransa kama kawaida yake. "Na kuganduka mulifanya, ao bado?"

Kuganduka unaijua vizuri, siku ile ndugu na majirani wanapokusanyika kuanua matanga ili waliofiwa waruhusiwe kuishi tena. Nikarudi nyuma siku kwa siku, nikaona hatukuifanya popote. Wenzetu wa kambini walituaga wakisema tutaifanya nyumbani. Nyumbani nako baba mdogo alidhani imeshafanyika kambini, maana nani anasafiri na kilio kisichokwisha? Alimuuliza mama siku tuliyofika, na mama, kwa aibu ya ugeni, akaitikia tu. Kila upande uliuachia upande mwingine.

Mwalimu alinieleza kuwa liko pia tawi linalochunguza jinsi mila zinavyowasaidia watu kubeba huzuni, na kwamba ukimtibu mtu bila kujua kwao wanaliaje, unatibu nusu ya mtu. "Dawa aendelee nayo," akasema. "Mais kilio chake mukimalize."

Tuliifanya baada ya mavuno ya mtama. Baba mdogo alitengeneza pombe, na fanta kwa watu wa kanisa. Akasimulia kwamba utotoni uliwaogopa mbuzi, jambo ulilotuficha maisha yako yote! Watu walicheka sana. Kisha mama akainuka. "Nusu ya kambi ililala kwenye vitanda vyake," akasema, "na sisi wenyewe tulilala chini." Akacheka, akalia, akaendelea kukusimulia mpaka jua likashuka. Baba mdogo alimwendea akiwa amevua kofia.

"Mama Neema, utusamehe. Sisi tulizania mulishamaliza."

Sitakudanganya kwamba kila kitu kimepona. Kituo cha afya bado anakwenda, na siku mbaya zipo. Lakini tangu siku ile hajashika tena barabara ya Kobero.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nafunga begi nirudi Gitega. Mama akasimama mlangoni, akanitazama, safari hii akanitazama kweli.

"Neema, mbona umekonda hivyo? Huko unakula nini?"

Tangu tuvuke mpaka hakuwa ameniuliza hali yangu. Nikaliacha begi, nikakulilia wewe, baba, kilio ambacho sikuwahi kupata nafasi ya kukilia. Mama alinishika kichwa mpaka nikamaliza.

Pumzika sasa. Nina mama wa kuniuliza kama nimekula.

Binti yako mkubwa,
Neema