Jike wa Muti ya Ndimu

Bungulu, siku ya ine, mangaribi

Mais kile kipepeo kimenishangaza! Kiwavi cha muti yetu ya ndimu, nilikilisha majani mu bokali ya kioo, nikangoja kipepeo cha manjano chenye mikia. Kikatoka cheusi, madoa meupe, mukia hapana. Nikagombeza jirani, Mama Kavira: "Umekibadilisha!" Akaapa hapana.

Leo dume la manjano limeingia kwa dirisha, likapandana naye mara moja. Donc ni jike wake. Amevaa rangi ya kipepeo kingine, kile chenye sumu, chenye ndege banaogopa kula. Uzuri gani huo!

Mais moyo wangu ulikuwa mu njia ya Mavivi. Muke wangu alienda kule kutafuta mihogo, na askari wa barrière, bale banafunga njia, banatusumbua sana sisi batu ba Kasai.

Kisha mwanamuke mumoja akaingia mu parcelle, kiwanja yetu, kitunga mu mugongo, kamba mu paji la uso, vile bamama Banande banabeba. Nikamusalimia na Kinande: "Wasibire, mama."

Akatoa kamba, akacheka mupaka machozi.

"Ata weye, bwana yangu? Askari naye alinisalimia vile vile."